Mganga wa Vita na Mganga wa Jeraha: Ushujaa wa Tabibu wa Vitani katika Lugha na Historia ya Karatu na Ngorongoro

IKISIRI

Makala hii inachunguza nafasi ya mtu anayewatibu majeruhi vitani katika lugha, historia na fasihi zinazohusu vita, hasa katika eneo la Karatu na Ngorongoro. Hoja yetu kuu ni kwamba Kiswahili kimelibebesha neno mganga dhana mbili: ile ya mtu anayeandaa vita kwa dawa na kinga, na ile ya mtu anayefunga majeraha baada ya mapigano. Dhana ya kwanza imetawala fasihi na kumbukumbu, na ya pili imefifia. Kwa kulinganisha Kiswahili na Kimaa, na kwa kupitia vita vya tangu karne ya 19 hadi Vita vya Kagera, makala inaonyesha kwamba ushujaa wa mganga wa jeraha una sifa zake mahususi, na kwamba kuuacha nje ya ufafanuzi wa neno ushujaa ni kasoro ya kitaaluma na ya kimaadili.

1.0 UTANGULIZI

Kila mwaka, tarehe 25 Julai, Tanzania huadhimisha Siku ya Mashujaa. Katika sherehe hiyo viongozi huweka kwenye mnara wa kumbukumbu mkuki na ngao, sime, upinde na mshale, pamoja na mashada ya maua. Vitu hivyo vina maana nzito. Vinawaambia waliohudhuria kwamba shujaa ni mtu aliyeshika silaha, ama ya kushambulia ama ya kujikinga. Hata hivyo, mtazamaji makini atagundua kwamba miongoni mwa alama hizo hakuna machela, wala kitambaa cha kufungia kidonda.

Jambo hili si la viongozi wa sherehe peke yao. Mjini Dar es Salaam, Sanamu la Askari lililozinduliwa mwaka 1927 linamwonyesha mwanajeshi mmoja aliyeelekeza singe mbele. Maandishi yaliyo chini yake yanamwahidi anayeipigania nchi yake kwamba hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi hiyo imefungwa katika kitenzi pigania. Swali linalotushughulisha katika makala hii ni hili: je, yule ambaye hakupigana, bali alitambaa katikati ya risasi kwenda kumfunga mwenzake jeraha, anahesabiwa wapi? Na je, lugha yetu ina neno la kumwita?

Tumechagua Karatu na Ngorongoro kwa sababu mbili. Kwanza, ni eneo ambalo jamii zenye historia ndefu ya vita na ya uganga zinaishi pamoja. Pili, lugha mojawapo ya huko, Kimaa, hutenganisha kwa maneno mawili kile ambacho Kiswahili hukichanganya katika neno moja.

2.0 KARATU NA NGORONGORO: MANDHARI YA VITA NA YA UGANGA

Kwa mtaalamu wa lugha, nyanda za juu za Karatu na Ngorongoro ni eneo adimu. Wairaqw wanazungumza lugha ya Kikushi. Wadatoga na Wamaasai wanazungumza lugha za Kinailoti zinazotofautiana sana. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi wana lugha yenye vidoko isiyohusishwa na nyingine yoyote kwa uhakika. Kiswahili, lugha ya Kibantu, ndicho kinachowaunganisha wote sokoni, shuleni na hospitalini.

Jamii hizi hazikukutana kwa amani siku zote. Masimulizi ya Wamaasai na ya Wadatoga yanakubaliana kwamba kasoko ya Ngorongoro ilikuwa mikononi mwa Wadatoga kabla ya Wamaasai kuwaondoa kwa vita katika karne ya 19. Ndani ya kasoko, karibu na msitu wa Lerai, kuna kaburi la kiongozi wa Kidatoga ambalo linaheshimiwa hadi leo. Wairaqw nao walijenga nyumba zilizochimbwa nusu ndani ya mteremko wa kilima, paa likiwa sawa na ardhi, ili mifugo na watu wasionekane na wavamizi. Kuenea kwao kutoka kitovu chao cha Mbulu kuelekea Karatu kulipata nguvu baada ya tishio la uvamizi kupungua wakati wa ukoloni.

Mwishoni mwa karne ya 19 eneo hili lilipatwa na maafa yanayoitwa kwa Kimaa emutai, yaani maangamizi. Sotoka iliua ng'ombe, ndui ikaua watu, na njaa ikafuata. Oscar Baumann, Mzungu wa kwanza kuandika habari za kasoko ya Ngorongoro alipofika huko mwezi Machi 1892, aliwakuta Wamaasai waliodhoofika kwa njaa. Juu ya maafa hayo vikazuka vita vya wenyewe kwa wenyewe, wafuasi wa Sendeyo wakipigana na wafuasi wa nduguye Lenana. Hapa pana funzo la awali: katika eneo hili vita na maradhi havikuwa mambo mawili tofauti. Aliyejua kutibu alihitajika na yule aliyechomwa mkuki sawasawa na yule aliyeugua.

3.0 SUALA LA ISTILAHI

3.1 Kuganga ni kufunga

Ili kuelewa nafasi ya tabibu wa vitani hatuna budi kuanza na kitenzi ganga. Kamusi za zamani, ikiwamo ya Krapf ya mwaka 1882 na ile ya Johnson ya mwaka 1939, zinaonyesha kwamba kitenzi hiki kina maana mbili zinazokaribiana: kutibu, na kufunga au kuunga kitu kilichovunjika. Fundi anaganga mpini uliopasuka. Baharia anaganga mlingoti. Nomino gango, yaani kifaa cha kushikanisha vitu viwili, inatokana na mzizi huo huo. Kwa maana hiyo ya asili, mganga ni mtu anayekirudisha pamoja kilichoachana.

Maana hii imehifadhiwa katika methali. Tunaposema Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, tunatumia neno ndwele, yaani ugonjwa, sambamba na kitenzi ganga. Tunaposema Mganga hajigangi, tunakiri ukweli unaoonekana wazi zaidi vitani kuliko mahali pengine popote: anayefunga majeraha ya wengine hana mikono ya kufungia lake.

Kwa hiyo, kama tungefuata mzizi wa neno, mfano bora wa mganga ungekuwa ni yule anayekaza kitambaa juu ya mshipa unaovuja damu na kuufunga mfupa uliovunjika kwa vijiti. Lakini matumizi hayakwenda njia hiyo. Katika Kiswahili cha leo mganga bila kivumishi hufikiriwa kuwa ni mtu wa ramli, hirizi na zindiko. Kazi ya kufunga majeraha imepewa maneno mengine: tabibu kutoka Kiarabu, daktari na dresa kutoka lugha za Ulaya, na muuguzi kutoka kitenzi chetu wenyewe uguza. Hata chombo cha kumbebea majeruhi, machela, ni neno lililotoka katika Kireno. Tunaona basi kwamba istilahi za tiba ya vitani kwa kiasi kikubwa ni za kukopa, ingawa mzizi wa asili ulikuwapo.

3.2 Oloiboni na olabaani

Kimaa kinatupa mfano wa kulinganisha. Wamaasai hutofautisha oloiboni na olabaani. Oloiboni ni mtaalamu wa mambo ya ghaibu: anatabiri, anabariki, anatoa dawa za kinga, na zamani ndiye aliyeombwa ushauri kabla ya morani kwenda vitani. Uwezo wake hurithiwa katika ukoo. Olabaani ni mtaalamu wa mwili: anajua mizizi na magome, anaunga mifupa, anashughulikia vidonda. Uwezo wake hutokana na kujifunza na mazoezi.

Miongoni mwa Wairaqw, qwaslarmo (wingi: qwaslare) anakaribiana zaidi na oloiboni, kwani shughuli zake zinahusu mvua, mipaka ya ardhi na kinga ya jamii. Sala ya Wairaqw iitwayo slufay, ambayo mzee huitamka na waliohudhuria wakaiitikia, huomba afya, uzazi na amani. Katika mapokeo hayo kinga dhidi ya vita ni sehemu ya afya ya jamii.

Tofauti kati ya oloiboni na olabaani si ya msamiati tu. Wa kwanza anafanya kazi kabla ya vita, na nguvu yake ni ahadi: hamtadhurika. Wa pili anafanya kazi wakati ahadi hiyo imeshindwa. Kwa madhumuni ya makala hii tutamwita wa kwanza mganga wa vita na wa pili mganga wa jeraha.

4.0 MGANGA WA JERAHA KATIKA HISTORIA

4.1 Vita vya mikuki

Maelezo ya mapema yaliyoandikwa kuhusu upasuaji wa Wamaasai ni ya Moritz Merker, afisa wa jeshi la Kijerumani aliyekuwa katika kituo cha Moshi, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1904. Merker alieleza namna majeraha yalivyosafishwa na kushonwa kwa miiba na nyuzi za kano, namna mifupa ilivyoungwa, na namna kiungo kilichoharibika kabisa kilivyokatwa. Ni jambo la kuzingatia kwamba sifa hizi ziliandikwa na mtu wa jeshi lililokuja kutawala, ambaye hakuwa na sababu ya kuwapendelea aliowaandika.

Aliyepoteza damu nyingi alipewa damu ya ng'ombe anywe, kama anavyopewa kijana aliyetahiriwa au mwanamke aliyejifungua. Aidha, kulikuwa na orpul, kambi ya porini ambako nyama huliwa pamoja na supu za magome na mizizi. Watu wengi huiona orpul kama mahali pa morani kujenga nguvu, na ni kweli kwamba supu ya gome la olkiloriti, mti wa jamii ya mgunga, huaminiwa kuondoa woga. Lakini orpul ni pia mahali pa wagonjwa kupata nafuu. Mahali pamoja palimwandaa mpiganaji na kumrudishia afya aliyeumia. Kwa hiyo, katika mapokeo haya ushujaa na tiba vililala chini ya mti mmoja.

4.2 Vita Kuu ya Kwanza, 1914–1918

Vita Kuu ya Kwanza ilibadili hali hii kwa ukubwa wake. Mwezi Machi 1916 majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini yaliiteka Arusha. Kikosi kilichoongozwa na van Deventer kikapigana Lolkisale mwanzoni mwa Aprili, kisha kikaelekea kusini hadi Kondoa Irangi, kikipita upande wa mashariki wa nyanda za juu za Mbulu na Karatu. Mvua za masika zilikata njia nyuma yake. Farasi walikufa kwa wingi, malaria na kuhara vikawaangusha askari, na chakula na dawa vikabidi vibebwe na wachukuzi kwa miguu. Huko Ngorongoro kwenyewe, ndugu wawili Wajerumani wa ukoo wa Siedentopf, waliokuwa na mashamba ndani ya kasoko, walipoteza makazi yao kwa sababu ya vita hivyo.

Katika vita vya Afrika Mashariki maradhi yaliua watu wengi kuliko risasi. Upande wa Waingereza peke yake, makadirio ya wachukuzi waliokufa yanafika kiasi cha 95,000. Jina la kikosi chao limebaki katika Kiswahili kama Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam na wa Nairobi. Wengi wanaofanya biashara huko leo hawafikirii kwamba jina hilo ni kumbukumbu ya watu waliobeba masanduku, risasi na majeruhi.

Ndani ya msiba huo ndipo alipojitokeza tabibu Mwafrika wa jeshi la kisasa. Mwaka 1917 huko Uganda kiliundwa kikosi cha Waafrika cha utabibu chini ya Meja Keane, kikawaandikisha vijana waliosoma katika shule za misheni. Vijana hawa walifundishwa kufunga vidonda, kutunza wagonjwa wa kuhara damu na malaria, na kusimamia wodi za mahema. Hawakupewa kazi ya kumwua mtu. Hata hivyo waliingia katika mazingira ambamo kumhudumia mgonjwa kulikuwa ni kujiweka katika hatari ya kuambukizwa ugonjwa ule ule.

Upande wa Wajerumani, ambao njia zao za bahari zilifungwa, tiba ilirudi msituni. Kutokana na magome ya mikwinini iliyopandwa Amani, Usambara, ilitengenezwa dawa ya malaria. Wakiwa safarini, askari walinywa maji machungu ya magome hayo. Bendeji nazo zilitengenezwa kwa magome ya miti. Hivyo basi jeshi la kisasa lilijikuta likitegemea maarifa ya namna ile ile aliyokuwa nayo olabaani.

4.3 Vita Kuu ya Pili, 1939–1945

Katika Vita Kuu ya Pili huduma ya tiba ilipangwa katika Jeshi la Utabibu la Afrika Mashariki, lililokuwa na wahudumu Waafrika katika vikosi vya uwanjani na hospitalini. Lugha ya mawasiliano kati ya askari wa makabila mengi ilikuwa Kiswahili cha jeshini kilichojulikana kama KiKAR. Ndani ya lugha hiyo maneno kama dresa na machela yalisafiri hadi Uhabeshi, Madagaska na Burma, na kurudi vijijini pamoja na askari waliorejea.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo ilikuwa na batalioni za Tanganyika, ya 26 na ya 36, iliwafuatia Wajapani katika bonde la Kabaw wakati wa mvua za mwaka 1944, hadi daraja lilipojengwa juu ya mto Chindwin huko Kalewa mwezi Desemba. Bonde hilo lilisifika kwa malaria. Magari hayakuweza kupita katika tope. Kumtoa majeruhi mstari wa mbele kulimaanisha watu kumbeba begani, wakipanda na kushuka milima, mikono yao yote miwili ikiwa imeshika machela. Hapa ndipo penye kiini cha ushujaa tunaouzungumzia: mbebaji wa machela hawezi kulala chini kila risasi inapolia, kwa maana akilala atamwangusha aliyembeba.

Wauguzi wa kike nao hawakunusurika. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa safarini kutoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, wakiwamo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki na makumi ya wauguzi.

4.4 Vita vya Kagera, 1978–1979

Majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na tarehe 2 Novemba Rais Nyerere alilitangazia taifa nia ya kumpiga mvamizi. Jeshi la Wananchi lilipanuliwa haraka kwa kuingiza mgambo, likavuka mpaka mwaka uliofuata, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Kwa mujibu wa Tony Avirgan na Martha Honey, waandishi wa habari waliofuatana na vita hivyo, askari 373 wa Tanzania walikufa. Mabaki ya mashujaa wengi yamehifadhiwa Kaboya, mkoani Kagera.

Kwa jeshi lililotembea kwa miguu umbali mkubwa, tiba ilikuwa suala la kila siku, kwa kuwa askari mgonjwa au mwenye miguu iliyochubuka hawezi kusonga mbele. Vita vya Kagera vinapofundishwa shuleni, hata hivyo, husimuliwa kwa orodha ya miji iliyotekwa: Mutukula, Masaka, Kampala. Masimulizi ya namna hii yana mantiki ya ramani. Mantiki ya mganga wa jeraha ni nyingine, kwa sababu ushindi wake hauhesabiwi kwa miji bali kwa watu waliorudi nyumbani.

5.0 TABIBU KATIKA FASIHI YA VITA

Fasihi ya Kiswahili ina hazina kubwa ya tungo za vita. Tunao Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, na Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert unaohusu vita vya 1939 hadi 1945. Mapokeo ya utenzi yalikomaa katika kusimulia vita vya dini, ambamo fani humtaka mtunzi ataje majina ya mashujaa, silaha zao, kukabiliana kwao na kuanguka kwao. Fani yenyewe basi ina mwelekeo wa kumtazama anayepiga na anayepigwa. Anayekuja baadaye kuokota majeruhi hana beti zake za kawaida.

Mganga anapopewa nafasi kubwa, ni mganga wa vita. Mfano ulio wazi ni tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969). Kinjeketile Ngwale wa historia alinyongwa na Wajerumani mwezi Agosti 1905, vita vilipokuwa vinaanza. Dawa yake, maji, iliwaunganisha watu wa makabila mengi. Ushujaa wake hatuna haja ya kuupinga. Tunachosema ni kwamba dawa hiyo ilikuwa ahadi ya kutojeruhiwa, na fasihi imeishughulikia ahadi hiyo kwa kina kuliko ilivyoshughulikia hatima ya miili iliyojeruhiwa baada ya ahadi kuvunjika.

Si kwamba mapokeo ya Waswahili hayana mfano wa kufuata. Katika historia ya Kiislamu, inayojulikana vema pwani, yumo Rufaida wa kabila la Aslam, aliyewahudumia majeruhi katika hema wakati wa Mtume Muhammad. Mfano huo unampa mtunzi wa Kiswahili kigezo cha shujaa asiyeua. Hali kadhalika, W. D. Kamera alipokusanya Hadithi za Wairaqw wa Tanzania (1978), alituonyesha kwamba fasihi simulizi ya nyanda hizi inaweza kuingia katika Kiswahili bila kupoteza uzito wake. Njia ya kuchukua masimulizi ya uganga kutoka Karatu na Ngorongoro imekwisha kufunguliwa.

6.0 MJADALA: USHUJAA HUU NI WA NAMNA GANI?

Kutokana na yaliyoelezwa, tunaweza kubainisha sifa tatu za ushujaa wa mganga wa jeraha.

Kwanza, ni ushujaa usio na hasira. Mpiganaji husaidiwa na ghadhabu, wimbo, na pengine supu ya olkiloriti. Mganga wa jeraha akighadhibika mikono yake hutetemeka. Anahitaji kuutawala woga bila kuugeuza kuwa ukali.

Pili, ni ushujaa wa kurudi nyuma. Katika lugha ya kawaida kwenda mbele ni ushujaa na kurudi nyuma ni woga. Mbebaji wa machela huenda mbele mikono mitupu na kurudi nyuma na mzigo, kisha huenda tena. Anayemwona akirudi tu anaweza kumdharau. Wairaqw, waliojichimbia nyumba ardhini, waliweza kuitwa waoga na wale waliopima ushujaa kwa mkuki, ilhali walikuwa wakilinda uhai. Methali yetu inasema Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Tukiizingatia, tutaona kwamba mganga wa jeraha anajaribu kuleta kicheko kwenye nyumba zote mbili.

Tatu, ni ushujaa usiochagua upande. Baada ya mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, Waingereza walipoondoka kwa meli waliacha majeruhi wao nyuma, na madaktari wa upande wa Wajerumani wakawatibu. Kanuni hiyo ndiyo iliyomo katika Mkataba wa Geneva wa mwaka 1864, uliozaliwa na yale Henry Dunant aliyoyashuhudia Solferino mwaka 1859.

Zipo pingamizi mbili ambazo hatuna budi kuzijibu. Ya kwanza ni kwamba tabibu analindwa na sheria, kwa hiyo hatari yake ni ndogo. Jibu ni kwamba risasi iliyokwisha kufyatuliwa haisomi alama, na malaria haijapata kutia saini mkataba wowote. Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: anayemtibu mpiganaji anamwezesha kurudi kuua, kwa hiyo naye ni sehemu ya vita. Hatuwezi kuikana hoja hii kabisa. Majeshi huajiri matabibu ili yapate askari wazima, na orpul nayo ilimwandaa morani kwa vita vijavyo. Hata hivyo, tendo la kufunga jeraha halimwulizi majeruhi atafanya nini kesho. Linamjibu anayelia leo. Mganga wa jeraha anabeba utata huo pamoja na machela, na kuubeba utata bila kuiacha kazi ni sehemu ya ushujaa wake.

7.0 HITIMISHO

Tumeonyesha kwamba kitenzi ganga kilikuwa na maana ya kufunga na kuunga, na kwamba matumizi yamelihamisha neno mganga kutoka kwa mtu wa jeraha kwenda kwa mtu wa kinga. Tumeona pia kwamba Kimaa kimehifadhi tofauti hiyo katika maneno oloiboni na olabaani. Aidha, tumeona kwamba vita vya eneo hili, tangu vya mikuki hadi vya karne ya 20, visingeweza kupiganwa wala kusahaulika bila watu wa aina ya pili.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, watunga kamusi waingize maana ya kuunga na kufunga katika kidahizo ganga kama maana hai, na watafakari kutumia mzizi huu katika istilahi za huduma ya kwanza badala ya kukopa kila mara. Pili, wanafunzi wa uzamili wanaotoka Karatu, Ngorongoro na Mbulu wakusanye masimulizi ya wazee wao kuhusu waliotibu vitani: wachukuzi, madresa, wauguzi na akina olabaani. Waliopigana Burma karibu wote wamekwisha kufariki, na waliokuwa vijana wakati wa Kagera sasa ni wazee. Kila mwaka unaopita unapunguza idadi ya wanaoweza kusema, nilimwona fulani akinifunga mguu.

Methali hutuhimiza kuyaacha yaliyopita na kuganga yajayo. Ushauri huo ni mwema pale palipokuwa na ugomvi. Lakini palipokuwa na jeraha, yaliyopita ni ndwele bado, na kulitaja jina la aliyelifunga ni sehemu ya kuganga.